Maandalio ya Kwenda Kutazama Mashua za Mbio

Watu wa kwetu kando ya Nyanza wamekwisha kunicheka vya kutosha. Ninyi nawaomba mnisikilize kwanza, kisha mcheke mkipenda. Mwezi wa Agosti, Mungu akijalia, nitakuwa kwa mdogo wangu katika mji wa Tukwila, ulio kusini ya Seattle, Marekani ya magharibi. Nauli ameitoa yeye. Na katika mambo aliyoniomba kuyafanya huko, la kwanza ni kumchukua mwanawe, mtoto wa miaka tisa, kwenda kutazama mashindano ya mashua za injini katika ziwa Washington.

Jirani yangu mmoja aliposikia alisema, "Mwalimu, mashua za injini zapita mbele ya mlango wako kila alfajiri, nawe wazifuata Marekani?" Neno lake ni la haki. Zapita kweli, zimejaa dagaa, na injini zake zakohoa kama mzee mwenye pumu. Za Seattle ni za namna nyingine, nami nitazieleza kadiri nilivyozifahamu. Lakini kwanza yanipasa kusema kwa nini niende mimi na mtoto huyo, wala asiende baba yake mwenyewe anayekaa karibu na ziwa lile.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi na minne alitoka usiku pamoja na baba yetu kuvua dagaa. Upepo uliwakuta mbali na nchi kavu, mashua ikapinduka. Hapakuwa na boya la kuvaa hata moja. Yeye alishikilia dumu tupu la mafuta mpaka kulipopambazuka, akaokotwa na wavuvi wa kisiwa kingine. Baba tulimpata siku ya tatu. Tangu siku ile mdogo wangu hakutia mguu katika maji ya ziwa lo lote. Alipochagua shule alichagua ya bara kavu. Alipooa alioa binti wa Dodoma. Kisha alipopata kazi ng'ambo akajikuta, kama kwa mzaha, katika nchi ambayo maji yako kila upande, mkono wa bahari magharibi na ziwa refu mashariki. Shemeji yangu ameniambia kwamba wakipita kwa motokaa juu ya daraja la ziwa Washington, mumewe huzima redio, wala hasemi neno hata wafike ng'ambo.

Daraja lenyewe, kwa mtu mwenye moyo kama wake, si la kufariji. Halikusimama juu ya nguzo ziendazo chini hata tope, laelea. Limelazwa juu ya masanduku makubwa ya saruji yaliyo matupu ndani, yaliyofungwa kwa nanga. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1940, nalo likazama Novemba 1990 wakati wa kutengenezwa, likajengwa tena likafunguliwa mwaka 1993. Habari ya kuzama sikumwandikia mdogo wangu. Bila shaka anaijua.

Mtoto wake amezaliwa kulekule, hana habari ya hofu hizo. Alipopelekwa na walimu wake katika nyumba ya makumbusho ya Seattle, ile ya historia na viwanda, aliona mashua ya kale imetundikwa juu darini, akasikia kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 watoto wa mji ule walikuwa wakichonga mashua za ubao, wakizipaka rangi na namba za zile za kweli, na kuziburuta kwa kamba nyuma ya baiskeli zao njiani, kila mmoja akiwa ndiye mshindi. Aliporudi nyumbani akafanya hivyo hivyo. Picha yake ninayo katika simu: ubao mwekundu, kamba ya nguo, na vumbi nyuma. Watoto wetu wanaovuta magari ya mabua na mikebe wangemwelewa mara moja. Tangu hapo kila mwaka humwomba baba yake ampeleke ziwani, na kila mwaka siku ile baba ana kazi. Mwaka huu akanena nami mwenyewe kwa simu: "Baba mkubwa, na wewe utakuwa na kazi?"

Basi naliona haifai kwenda kama gogo. Mtu akienda kutazama kitu asichokifahamu, huona maji yaruka tu na kusikia kelele. Naliuliza, nalisoma, nalitazama picha zinazotembea, na mambo niliyoyapata ndiyo haya.

Katika mwaka 1950 alikuwako Seattle mfanya biashara ya motokaa jina lake Stanley Sayres. Mashua yake ya mbio aliipa jina la mzaha, Slo-mo-shun, maana yake ni mwendo wa polepole. Ile ya nne ilibuniwa na Ted Jones, ikaundwa na fundi Anchor Jensen. Wakati ule sifa ya kupita watu wote majini ilikuwa ya Mwingereza, Malcolm Campbell, aliyekwenda kilometa 228 kwa saa katika ziwa la Coniston mwaka 1939, na wakubwa wa mchezo huu katika Marekani walikuwa watu wa Detroit, penye viwanda vya motokaa. Watu wa Seattle hakuna aliyewahesabu. Tarehe 26 Juni 1950 Slo-mo-shun ya nne ilikwenda kilometa 258 kwa saa katika ziwa Washington. Mwaka uleule ikapelekwa Detroit kushindania Kikombe cha Dhahabu, ikakitwaa. Tena ilikuwa desturi kwamba atwaaye kikombe ndiye achaguaye mahali pa kushindania mwaka ufuatao. Kwa hiyo mwaka 1951 mashindano yakaja Seattle, na mji wote ukateremka pwani ya ziwa. Mashua ileile ndiyo iliyotundikwa katika nyumba ya makumbusho, ndiyo aliyoiona mtoto.

Siri yake ilikuwa nini? Mashua za namna hii huitwa haidropleni. Urefu wake leo ni kama meta 9, na uzito wake wapita tani 3, lakini haziendi majini kama mtumbwi uendavyo. Mtumbwi hulima maji. Nayo maji huushika kila upande, na kadiri uzidishavyo nguvu ndivyo yazidivyo kuushika. Haidropleni hulikwepa jambo hilo. Mbele ina miguu miwili mipana, mmoja kushoto na mmoja kuume. Nyuma ina rafadha, ambayo vijana wetu huiita pangaboi. Ikishika mwendo, tumbo lake lote huinuka, isibaki sehemu ya kugusa maji ila ncha za miguu ile miwili na nusu ya rafadha. Nusu ya pili huzunguka hewani. Watu wengine walikuwa wamejaribu jambo hilo mbele yao, lakini ni mashua ya Jones na Jensen iliyowafanya wengine wote waache maumbo yao ya zamani. Hewa ipitayo chini ya tumbo ndiyo ibebayo sehemu kubwa ya uzito, karibu kama ndege. Na rafadha ile, kwa kuwa nusu yake iko juu, hutupa nyuma mkia wa maji uliopindika kama mkia wa jogoo, nao ndio jina lake kwao, upandao hata meta 18 na kufuata nyuma kama meta 90. Nalipomwonyesha mvuvi mmoja wa hapa picha yake, alitazama kitambo kisha akasema, "Petroli hiyo ingetutosha mwezi."

Habari ya petroli si mbali na neno la kweli. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, injini za ndege za kivita, za Allison na za Rolls-Royce Merlin, zilikuwa zimebaki nyingi zisizo na kazi, zikauzwa kwa bei ndogo. Mafundi wakazitia katika mashua hizi, nazo zikanguruma miaka mingi hata vioo vya nyumba za pwani vikatetemeka. Tangu miaka ya 1980 wamezigeukia injini za namna ya tabo, zilizotoka katika helikopta za Chinook, zenye nguvu za farasi kama elfu tatu. Hizo hazingurumi, hupiga mluzi mkali. Wazee wa Seattle, nasikia, wanaililia ngurumo ya kale kama wazee wetu wanavyozililia ngoma za zamani. Mimi nitaisikia iliyopo.

Kuanza kwa mbio kumenipendeza kuliko mambo yote, maana si jambo la nguvu tu. Hawasimami mstarini kama wakimbiao kwa miguu. Huanza kuzunguka mapema, kila dereva akiitazama saa kubwa, na shabaha yake ni kuupita mstari kwa mwendo wote saa ile inapofika mwisho. Akitangulia huadhibiwa, akichelewa huachwa. Huzunguka kwa upande wa kushoto daima. Aliye ndani ana njia fupi lakini kona kali, aliye nje ana njia ndefu lakini hapunguzi mwendo sana. Katika sehemu zilizonyoka hukaribia kilometa 300 kwa saa na pengine kupita. Mtoto amenipa shauri lake, naye ni mwalimu mzuri: "Baba mkubwa, usiitazame mashua iliyo mbele. Tazama kona ya kwanza." Kwa maana katika kona ya kwanza wote hufika pamoja, na mashua iingiayo katika mkia wa maji wa mwenzake, dereva wake haoni kitu, na maji humwangukia kama ukuta.

Hapo ndipo neno la mke wangu linapoingia. Nalipomweleza hayo yote kwa furaha, yeye alinyamaza. Usiku, taa imezimwa, akaniuliza, "Watu hufa humo?"

Sikutaka kumjibu kwa kukisia. Yeye ndiye aliyemwogesha mdogo wangu siku ile alipoletwa, ngozi yake imechanika kwa dumu, na alikuwa bibi arusi wa miezi miwili tu katika nyumba yetu. Basi nalitafuta, na jibu ni kwamba, ndiyo, hufa. Mwaka 1951, mwaka wa kwanza wa mashindano yale katika Seattle, mashua iitwayo Quicksilver ilizama na watu wawili waliokuwa ndani yake, Orth Mathiot na Thom Whitaker. Tarehe 19 Juni 1966, siku ya Jumapili, katika mto Potomac ulio kwenye mji mkuu wa Marekani, walikufa madereva watatu kwa siku moja: Ron Musson kwanza, kisha Rex Manchester na Don Wilson walipogongana. Mwaka 1981, huko Acapulco katika Meksiko, akafa Bill Muncey, mtu aliyeshinda mara 62, ambaye watoto wa Seattle walikuwa wakiburuta mbao zao kwa jina lake. Alikuwa mbele ya wote alipokufa. Mwaka uliofuata akafa Dean Chenoweth katika mto Columbia, katika jimbo lilelile la Washington.

Hao wawili wa mwisho waliuawa na jambo lilelile liwapalo mwendo. Nimesema hewa huibeba mashua. Lakini ikiingia nyingi kupita kiasi chini ya tumbo, omo huinuka, mashua nzima ikaruka na kupinduka kwa kurudi nyuma. Wakati ule dereva alikaa wazi, kama mtu aketivyo juu ya punda, na mashua ya tani tatu ikimwangukia, au yeye akiyapiga maji kwa mwendo ule, maji ni sawa na jiwe.

Nalisoma mpaka hapo nikataka kuiacha safari. Nalishika simu nimwambie mdogo wangu kwamba tutampeleka mtoto kutazama wanyama. Lakini nikaona ni haki nisome na yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya. Mjane wake Muncey, Fran, hakuivunja kazi ya mumewe. Kijana Chip Hanauer akapewa usukani mwaka 1982, akakitwaa Kikombe cha Dhahabu miaka saba mfululizo, hata 1988. Na katika mwaka 1986 mashua zikaanza kufunikwa: dereva akatiwa ndani ya chumba kigumu, juu yake kifuniko cha namna ya ndege za kivita za F-16, akafungwa mikanda, akapewa hewa ya kuvuta hata akiwa chini ya maji. Chini ya mashua wakatoboa mlango, ili ikipinduka na kuelea kichwa chini, dereva awe na njia ya kutokea. Tena watu wa kuokoa hukaa majini tayari katika mashua zao muda wote wa mbio, na wazamiaji wamekwisha vaa. Katika picha zinazotembea nimeona mashua ikiruka juu kama jani, ikajipindua, ikaanguka. Na baada ya kitambo dereva akatoka juu ya mgongo wake akipunga mkono. Hatari haikwisha kabisa. Mwaka 2000 dereva mmoja, George Stratton, alikufa katika San Diego wakati wa kujaribu mashua. Lakini aliyefananisha miaka ya kwanza na ya sasa ataona kwamba hawa watu walikaa chini baada ya kuzika, wakauliza mwenzao amekufa kwa kitu gani hasa, wakakitafutia dawa kitu hicho.

Nalimsomea mke wangu hayo yote. Akasema, "Wale hucheza, na wana vifuniko na wazamiaji. Baba yako alikuwa akitafuta chakula, hakuwa na hata boya." Sikuwa na la kuongeza, wala sina hata leo. Nchi yetu imezika wengi mno kwa sababu ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza, na waliokufa walikuwa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Na bado jioni hii nikisimama mlangoni pangu nitaona mashua za dagaa zikiondoka, na nikihesabu maboya yaliyovaliwa, vidole vya mkono mmoja vitanitosha. Boya ni ghali, wanasema, tena hulowa, tena huzuia mikono kuvuta nyavu. Naijua hoja hiyo. Baba yetu aliisema.

Lakini mke wangu aliongeza neno jingine asubuhi yake, hali akichambua mchele. "Mpeleke mtoto," alisema. "Ila na baba yake awepo." Nikamwambia hilo sitaliweza. Akasema, "Basi unakwenda kufanya nini?"

Kwa hiyo maandalio yangu yamekuwa na mizigo miwili, nami nayataja kwa mfuatano wo wote niyakumbukao.

Mkubwa wa kazi wa mdogo wangu ana mashua yake ya starehe, naye ametualika kwa wema mkubwa. Katika ziwa, kando ya njia ya mbio, hufungwa magogo yaliyounganishwa yakaelea, na wenye mashua huzifunga hapo siku nzima, wakatazama kutoka majini. Mtoto aliposikia alipiga kelele ya furaha. Nalikataa mimi, kwa jina langu, nikasema nalewa mawimbi, ili baba yake asiwe ndiye mwenye kukataa. Wavuvi wakisoma hapa watanicheka tena, maana mimi silewi mawimbi. Lakini mtu wa pwani ya Nyanza aweza kuwa na tumbo lo lote alitakalo akiwa ugenini.

Basi tutakaa nchi kavu, katika uwanja wa Genesee, ambao una majani na mteremko kidogo kushukia ziwani. Hapo karibu ndipo mashua zinapotiwa majini na kutengenezwa, katika bustani iliyopewa jina la yule Sayres. Kutoka Tukwila kuna treni ya umeme. Tutashuka katika kituo cha Columbia City, kisha ni mwendo wa kama kilometa mbili kwa miguu. Nimechukua kofia. Shemeji ameniambia nisidanganyike na habari za mvua ya Seattle, kwa kuwa Agosti jua lao huchoma, tena kivuli ni haba. Mtoto atanipa vizibo vya masikio, si kwa ajili ya mashua tu, bali kwa ajili ya ndege za kivita za jeshi la majini, zile za Blue Angels, ambazo huja kufanya michezo yao juu ya ziwa siku zizo hizo. Hizo sikuzisoma. Mtu hawezi kuandaa kila kitu.

Neno la Jumapili najua mtaniuliza. Mashua hujaribiwa Ijumaa na Jumamosi, na mbio za kumpata mshindi ni Jumapili. Naliona heri twende Jumamosi. Mtoto akanijibu kwa adabu sana kwamba Jumamosi hakuna mshindi, na kwamba mtu asiyemwona mshindi hakuona mashindano. Tumeafikiana hivi: Misa ya kwanza asubuhi na mapema sisi sote, kisha treni. Mbio za mwisho haziwi ila alasiri, tutakuwa na nafasi. Na upepo ukivuma na ziwa kuchafuka, waandalizi hungoja litulie, kwa maana mashua hizi haziwezi mawimbi. Kwa hiyo nimemwonya mtoto kwamba huenda tukaketi saa nyingi tukitazama maji matupu. Alisema yeye hawezi kuchoka kutazama maji.

Vilevile nimemweleza kwamba jambo la duniani halina dhamana. Mwaka 2020 na mwaka 2021 mashindano hayakufanyika kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, yakarudi mwaka 2022. Aliniuliza kama mimi nimewahi kuugua Korona. Watoto hufuata njia yao.

Sasa mzigo wa pili. Wiki tatu zilizopita nalimwandikia mdogo wangu habari zote nilizowaandikia ninyi, yaani za kifuniko, na hewa ya kuvuta, na ule mlango wa chini. Sikutia shauri lo lote. Hakujibu siku nne. Siku ya tano akauliza neno moja tu: "Kaka, mlango ule hufunguliwa kwa ndani au kwa nje?" Nikamjibu kwamba ni njia ya dereva mwenyewe kutokea. Akanyamaza tena.

Jumapili iliyopita akanipigia simu. Tulizungumza habari za mahindi, na paa la nyumba ya mama, na bei ya saruji. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza habari ya mtu mwingine, kutoka pale majani yanapoanzia mpaka maji ni hatua ngapi. Nikamwambia sijui, nitapima katika ramani. Nalipima, nikampelekea, nikamwandikia na hili, kwamba juu kabisa ya mteremko mtu aweza kuketi akaona njia yote ya mbio wala asiwe karibu na maji.

Jana usiku jibu lake likaja. Amesema atatufikisha mimi na mtoto mpaka kituo cha Columbia City, atungoje pale mpaka turudi. Nimemwandikia anunue tiketi tatu.